Daftari la Wazee Wetu wa Vita Lianzie Jumuiyani



Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, kisha sime, upinde na mishale na shada la maua. Tarumbeta hulia, viongozi wa dini huomba, watu husimama kimya. Siku hiyohiyo Kanisa humwadhimisha Mtakatifu Yakobo Mtume, aliyeuawa kwa upanga kwa amri ya Herode. Sisi waseminari asubuhi ile humtaja mtume kwa jina lake katika Masifu, na mchana tunasikia redioni mashujaa wakitajwa kwa ujumla wao. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Mashujaa kwa ujumla hawahitaji dawa ya mgongo. Mzee mmoja anaihitaji. Anaishi katika kijiji fulani nje ya Makambako au juu huko kuelekea Lupembe, ana mke aliyezeeka naye, ana bati linalovuja, na mwaka 1979 alivuka mto Kagera na bunduki begani. Nani anamjua? Nani ameandika jina lake? Tunaamini kwamba chama cha askari wa zamani, hata kiwe na historia ndefu na makao makuu mazuri, huishi au hufa katika tawi lake la chini kabisa. Na tawi la chini haliwezi kuishi bila daftari la majina. Katika parokia zetu tuna njia ya kusaidia daftari hilo lipatikane, na muda uliobaki si mrefu.

Wapagazi wasioandikwa

Tuanze na vita ambavyo hakuna aliyevipigana aliye hai leo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia, chini ya Jenerali Northey, yaliingia katika nyanda zetu. Watu walipigana Malangali, wakapigana Lupembe, na mwezi Novemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kikajisalimisha Ilembula. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena Ubena akitokea Msumbiji, akawaacha hapa baadhi ya wagonjwa wake na kuendelea na safari kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Wazungu walikuwa wanapigana wao kwa wao, lakini mizigo ilibebwa na watu wetu. Kwa kila askari walihitajika wapagazi kadhaa wa kubeba unga, risasi na machela. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Jina la Kariakoo, soko tunalolijua sote, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kikosi kikapata soko la kukikumbuka. Mpagazi mwenyewe hakupata hata kaburi lenye jina. Mtu akienda kwenye makaburi ya vita pale Iringa ataona mawe yaliyopangwa vizuri yenye majina, vyeo na tarehe. Wapagazi hawamo katika safu hizo. Waliwekewa sanamu za jumla mjini, kama ile ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Mwezi Aprili 2021, zaidi ya miaka mia moja baada ya vita kwisha, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kuwa marehemu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa pasipo usawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa; sehemu kubwa ya hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini radhi haiwezi kurudisha jina ambalo halikuandikwa siku ile lilipoweza kuandikwa. Mwandishi wa kikosi aliandika idadi ya mizigo, na aliyebeba mzigo akahesabiwa tu.

Askari wa keya na chama chao

Vita vya Pili vilipokuja, Watanganyika takriban 87,000 waliingia jeshini. Waliitwa askari wa keya, kwa kifupi cha King's African Rifles. Walipigana Uhabeshi, walipelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 walikuwa Burma, katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Baadhi walirudi na mawazo mapya. Ndugu wawili, Abdulwahid na Ally Sykes, waliokuwa Burma, ni miongoni mwa waliokuja kuasisi TANU mwaka 1954. Wengi zaidi walirudi kulima mahindi. Hadithi za Burma wakazisimulia kwenye kilabu cha ulanzi, na vijana wakacheka wakidhani mzee amezidiwa na kinywaji.

Chama cha kuwahudumia watu kama hao kilikuwapo. Mwaka 1921, kule Cape Town, vyama vya askari wa zamani vya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza viliungana, na umoja wao leo unaitwa Royal Commonwealth Ex-Services League. Kwetu, askari wa keya walikuwa na chama kinachojulikana kama Tanzania Legion and Clubs, au TLC. Umoja ulioko London haumjui mzee wa Njombe. Unachoweza kufanya ni kutuma msaada kwa chama cha nchi, chama cha nchi kitume kwa tawi, na tawi limpelekee mzee mkononi. Mnyororo huo una nguvu ya pete yake ya mwisho. Kama tawi halipo, au lipo kwa jina la mwenyekiti tu, fedha inasimama mjini.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwasaidia askari wa zamani wa Madola na wajane wao, ili kila mmoja aweze kula angalau milo miwili kwa siku. Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha mwaka 1945, mwaka 2018 alikuwa na miaka 93. Msaada wa kula milo miwili ulimfikia mtu ambaye pengine hakuwa tena na meno. Na hata hapo ulimfikia yule tu ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya chama. Yule ambaye tawi lake lilishakufa hakujulikana, ingawa aliishi kilomita chache kutoka barabara kuu.

Wa Kagera

Sasa tuje kwa walio hai. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu na kulitwaa eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vyote tunavyo. Jeshi letu halikuwa kubwa, hivyo wakaitwa mgambo kwa maelfu kutoka kila pembe ya nchi. Vijana wa kwetu waliacha majembe, wakafundishwa haraka, wakapelekwa upande mwingine kabisa wa nchi ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa wengi wamelala Kaboya, mkoani Kagera, katika makaburi ya mashujaa. Hao, tumshukuru Mungu, taifa linawatunza.

Waliorudi wako katika makundi mawili. Kuna askari wa kudumu wa JWTZ, aliyeendelea na kazi hadi kustaafu. Huyu ana namba ya jeshi, ana jalada, na ana chama: Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, yaani MUWAWATA. Akina mama wetu wa WAWATA watatusamehe kwa majina kufanana. Ni vyama viwili tofauti. Halafu kuna mgambo, ambaye vita vilipokwisha alirudishwa kijijini kwake. Huyu hakustaafu. Alirudi tu. Akisikia tangazo la wanajeshi wastaafu haoni kama linamhusu, na hajui aende wapi kuuliza.

Zaidi ya hayo, anwani yake imebadilika bila yeye kuhama. Kijana wa Makambako aliyeandikishwa mwaka 1978 aliandikwa kuwa ni wa Wilaya ya Njombe, Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 tuna Mkoa wetu wa Njombe. Wanging'ombe imekuwa wilaya, na Makambako ina halmashauri yake ya mji. Anayetafuta kumbukumbu za mzee huyo leo atatafuta kwenye ofisi ambayo haikuwapo alipokwenda vitani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70 au ameipita. Tukisubiri kama walivyosubiriwa askari wa keya, tutampelekea mjane wake rambirambi, na huenda tusijue hata kwamba alikuwa mjane wa askari.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya jeshi na serikali, Kanisa linatafuta nini humo? Swali ni la haki. Hatupendekezi paroko aamue nani alipwe na nani asilipwe. Suala la mafao lina sheria zake na ofisi zake. Pia hatupendi kuvisifu vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 79, unafundisha kwamba anayetumikia nchi yake jeshini ajione mtumishi wa usalama na uhuru wa watu, na akiutimiza wajibu huo ipasavyo anachangia kweli kudumisha amani. Mtumishi wa amani akizeeka anakuwa mzee wa parokia kama wazee wengine, na wazee wa parokia ni wetu.

Tena, Maandiko yametutangulia. Tunapofundisha juu ya kuwaombea marehemu, tunafungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Mara nyingi tunasahau kwamba marehemu wanaozungumziwa pale ni askari. Yuda Makabayo anakwenda na watu wake kuizika miili ya wenzao walioanguka vitani. Anakuta kwamba hawakuwa watakatifu. Chini ya nguo zao walikuwa wamevaa hirizi za sanamu. Hakuwatupa. Alichangisha watu wake drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Kiongozi anawajua watu wake, anawazika, anachangisha, anawaombea pamoja na makosa yao. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo kazi yote ya tawi la askari wa zamani.

Jambo la makosa nalo tulitaje waziwazi. Si kila aliyetoka vitani alitoka safi. Wapo waliofanya au kuona mambo ambayo hawajayasema kwa mtu yeyote tangu mwaka 1979. Baadhi yao tunawaita walevi, au tunawacheka wakipiga kelele usingizini. Mapadre wa kesho tunapaswa kujua kwamba katika foleni ya kitubio wakati wa Kwaresima anaweza kusimama mzee mwenye mzigo wa namna hiyo. Atausema tu kwa mtu ambaye tayari amemuuliza habari zake kwa heshima. Kumjua kwa jina ni sehemu ya uchungaji.

Wengine watasema: serikali ina mtandao hadi kitongojini, wenyeviti wa vijiji wapo. Ni kweli, na kuna ofisi ya Mshauri wa Mgambo katika kila wilaya. Hatutaki kuchukua nafasi yake. Lakini jumuiya ndogondogo inaingia ndani. Inasali sebuleni kwa mzee, inaiona picha ya zamani ukutani, inajua kama jiko limewaka. Hakuna karani anayepita nyumba kwa nyumba kila wiki mwaka mzima, jumuiya inapita.

Kisha kuna vitabu vya parokia. Mjane akienda kudai haki yoyote ile ataulizwa: una uthibitisho kwamba ulikuwa mke wa marehemu? Ndoa nyingi za miaka ya sitini na sabini hazina karatasi nyingine isipokuwa mstari mmoja katika kitabu cha ndoa cha parokia. Mzee naye akiulizwa alizaliwa lini, jibu lililoandikwa kwa wino liko katika kitabu cha ubatizo. Mapadre na makatekista waliotutangulia waliandika mistari hiyo kwa uangalifu, pengine kwa mwanga wa kibatari, bila kujua itakuja kumsaidia nani. Kuvifungua vitabu hivyo na kumwandikia mjane cheti chake bila kumzungusha ni huduma ambayo hakuna ofisi nyingine itakayoifanya badala yetu.

Tunachopendekeza

Kwanza, kila jumuiya katika parokia za Njombe na Makambako iulize swali moja: kati yetu ni nani aliyekwenda vitani, au mjane wa aliyekwenda? Waulizwe waliokuwa JWTZ na waliokuwa mgambo. Waliopigana Kagera na waliotumwa Msumbiji. Tusiwaulize Wakatoliki peke yao. Jirani Mlutheri au Mwislamu alilala kwenye handaki lilelile na mwenzake Mkatoliki, basi aandikwe naye akipenda.

Pili, liwepo daftari. Liwe na jina kamili, kijiji alichotoka na anachoishi sasa, mwaka alioandikishwa na mahali, kikosi kama anakikumbuka, alikopigana, jina la mke na watoto. Asiyetaka kuandikwa asilazimishwe. Kuna wenye sababu zao za kunyamaza. Nakala moja ikae parokiani. Nyingine, kwa ridhaa ya mzee, ipelekwe kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na kwa viongozi wa MUWAWATA, ili tawi lianze na watu kabla ya kuanza na uchaguzi wa viongozi. Chama cha namna hii kinaweza kukwama kwa kufanya kinyume chake: viongozi wakapatikana, muhuri ukachongwa, daftari likabaki tupu.

Tatu, sisi waseminari tunapokwenda likizo tuna simu zenye uwezo wa kurekodi sauti. Saa moja na mzee mmoja inatosha. Tusimhoji kama polisi. Tumwache aanze anapotaka. Kama anataka kuanza na baridi ya alfajiri aliyopanda lori kuondoka, aanze hapo. Sauti hizo zikitunzwa katika maktaba yetu, mtoto atakayesoma historia ya Vita vya Kagera atasikia Kibena na Kihehe ndani ya Kiswahili cha waliopigana, na atajua kwamba vita vile viligusa kijiji chake pia.

Nne, UWAKA na WAWATA wachukue huduma ya mwili. Mzee mmoja bati, mwingine bima ya afya, mwingine mtu wa kumpeleka hospitali na kumrudisha. Mahitaji hayo ni madogo na yanajulikana mara mtu anapojulikana. VIWAWA wapewe shamba la mzee mmoja kulilima msimu mmoja, waone itakavyokuwa.

Tano, iwepo Misa moja kwa mwaka. Inaweza kuwa tarehe 25 Julai. Inaweza kuwa tarehe 11 Novemba, katika mwezi wa kuwaombea marehemu, siku ya Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari kabla ya kuwa askofu na kugawana joho lake na maskini langoni. Ndiyo tarehe ambayo Vita vya Kwanza vilikoma huko Ulaya, ingawa habari hiyo ilichelewa siku mbili kumfikia Lettow-Vorbeck aliyekuwa amepita hapa kwetu. Katika Misa hiyo majina yasomwe, moja baada ya jingine, ya walio hai na ya marehemu, na wazee wakae viti vya mbele.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inaachana hapo na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Watu wengi huondoka kupitia hapo, na kwa sababu hiyo mji umezoea kuona watu wakipita bila kuuliza wanakwenda wapi. Kijijini bado tunaulizana. Tuutumie utamaduni huo wakati wenye kujibu bado wapo. Kristo Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina, nasi tunaosema tunamfuata hatuwezi kuridhika kuwaita wazee hawa kwa jina la jumla.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya wanaosoma makala hii wasisubiri barua kutoka popote. Sala ijayo ya jumuiya, mkishamaliza somo na maombi, ulizeni lile swali moja, na mwenye kalamu aandike.